Usiuze kwa Bakuli la Dengu: Mwongozo wa Kushinda Majaribu Kitengela na Kajiado

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa kumi na moja jioni, Kitengela hubadilika sura. Wafanyakazi wa viwanda vya EPZ ya Athi River wanashuka, matatu za kutoka Nairobi zinapiga honi kwenye barabara ya Namanga, na karibu kila simu mfukoni imeingiza kitu. Moshi wa nyama choma umetanda. Baa zimefungua spika. Pale steji, kijana ameinamia simu akipanga mkeka wa kamari wa mechi za Jumamosi. Kule ndani zaidi, pande za Isinya na Kisaju, broka amemaliza chai katika boma la mzee fulani, na sasa anamwonyesha picha ya gari ambalo litakuwa sehemu ya malipo ya ekari tano.

Huenda wote hawa walikuwa kanisani Jumapili iliyopita. Huenda mmoja wao anaongoza kwaya. Walihubiriwa wamkatae shetani, wakaitikia amina kwa moyo wote. Ila hakuna aliyewaambia wafanye nini saa kumi na moja na robo, mshahara ukiwa umeingia na rafiki akiita kutoka ng'ambo ya barabara.

Mwongozo huu ni wa saa hiyo. Usome ukiwa na Biblia karibu, kwa sababu sitakunukulia mistari. Nitakutajia kitabu, sura na mahali, uende ukasome mwenyewe. Tumia Kiswahili cha Union Version ya 1952 ukipenda, au Biblia ya Kimaasai iliyotoka mwaka 1991, au lugha yoyote unayoitumia ukiwa peke yako unaomba. Mstari uliousikia kwa lugha ya moyo ndio unaokuja haraka wakati wa shida.

1. Kwanza, uliza bei

Anza na Mwanzo 25:29-34. Esau anarudi kutoka porini amechoka, ana njaa. Nduguye Yakobo anapika dengu. Esau anaomba, Yakobo anataja bei: haki ya mzaliwa wa kwanza. Esau anajiambia kwamba yuko karibu kufa, haki hiyo itamfaa nini? Anaapa, anapewa bakuli, anakula, anaondoka kama mtu ambaye hajapoteza chochote.

Angalia vizuri: dengu si dhambi. Njaa si dhambi. Hata Yakobo hakumlaza chini na kumlisha kwa nguvu. Esau alishindwa kupiga hesabu tu. Kitu cha maisha yake yote alikiuza kwa kitu cha nusu saa, na hakuona hasara kwa sababu tumbo ndilo lililokuwa likipiga hesabu. Waebrania 12:16 inamtaja kama onyo kwa sababu ya mlo huo mmoja.

Ukilichunguza jaribu lolote utaona ni biashara ya aina hii. Yohana, katika waraka wake wa kwanza, 2:16, anagawa bidhaa zake katika mafungu matatu: anachotaka mwili, kinachovuta macho, na majivuno ya maisha. Waraka wa Yakobo, 1:14-15, unaeleza safari yake: tamaa humvuta mtu, hushika mimba, huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Waswahili wameifupisha: tamaa mbele, mauti nyuma.

Kwa hiyo jizoeze swali moja, uliulize kwa sauti ukiweza: *Hapa ninauza nini, na ninalipwa nini?* Bia ya nne ukiiuliza swali hilo inajibu: unauza karo ya muhula na heshima ya watoto wako kesho asubuhi, unalipwa saa mbili za kucheka. Ujumbe wa saa sita usiku kwa mtu asiye mume wako unajibu pia. Jaribu hupenda mnunuzi asiyeuliza.

2. Chora ramani ya saa zako

Fungua 2 Samweli 11. Kabla Bathsheba hajatajwa, mwandishi anatuambia ulikuwa msimu wa wafalme kwenda vitani, na Daudi alibaki Yerusalemu. Jioni moja akaamka kitandani, akatembea juu ya dari. Mlango wa dhambi ile ulifunguliwa na ratiba: mtu mahali asipopaswa kuwa, saa ambayo hakuwa na kazi. Luka 4:13 inaongeza kwamba Ibilisi, alipomwacha Yesu jangwani, alimwacha kwa muda tu. Yeye pia ana kalenda.

Hata sheria za nchi zinajua jambo hili. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wengi wanaiita sheria ya Mututho, haikupiga marufuku pombe, ilipanga saa. Siku za kazi baa ziuze kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Waliotunga sheria walielewa kwamba ukibana saa umebana mengi.

Chukua daftari. Kwa siku saba, kila unaposhindwa au kukaribia kushindwa, andika mambo matano: saa ngapi, uko wapi, uko na nani, una pesa kiasi gani mkononi, na mwili uko vipi, umechoka, una njaa, una hasira au uko mpweke. Usijihukumu bado. Andika tu. Siku ya nane soma ulichoandika, utagundua kwamba majaribu yako hayakuvizii kila mahali. Pengine yana mahali pawili na saa tatu.

Sasa badilisha njia. Kama ni steji fulani, shukia iliyo mbele na utembee. Kama ni mwisho wa mwezi, tuma kodi ya nyumba, karo na pesa za nyumbani kabla hujatoka lango la kazini. Kama ni njaa ya jioni inayokupeleka penye choma na penye choma pana chupa, kula kitu saa kumi. Danieli 1:8 inasema kijana yule aliazimu moyoni kuhusu chakula cha mfalme kabla, si mbele ya sahani. Uamuzi uliofanywa Jumatano kichwa kikiwa baridi ndio unaokubeba Ijumaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Ijumaa usiku hakuna fundi.

Na rafiki akiita, uwe na jibu fupi ulilolitayarisha. "Kaka, twende tupige mtungi kidogo, moja tu." Usianze kuhubiri. "Leo napita, mama watoto ananingoja. Tukutane Jumamosi chai." Endelea kutembea unapojibu. Anayesimama kueleza sababu tatu atapewa sababu nne.

3. Beba mistari michache inayojua saa yake

Mathayo 4:1-11 ni somo la jinsi Maandiko yanavyotumika. Yesu amefunga siku arobaini, ana njaa, na anajaribiwa mara tatu. Anajibu mara tatu, na majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, maneno ambayo Waisraeli walipewa kuhusu miaka yao ya jangwani. Hakujibu njaa kwa mstari kuhusu vita. Alijibu jangwa kwa maneno ya jangwa. Tena alijibu kwa ufupi, na hakuwa na kitabu mkononi.

Kwa hiyo usijilazimishe kukariri Zaburi nzima mwezi huu. Kutokana na daftari lako, chagua mistari mitatu inayolingana na saa zako tatu. Hapa kuna pa kuanzia:

- Chupa: Mithali 23:29-35. Ni picha ya mlevi inayochekesha hadi inaumiza: anayumba kama aliyelala juu ya mlingoti wa meli, amepigwa wala hakuhisi, na akiamka anaulizia nyingine.
- Pesa za haraka: Mithali 13:11, na 1 Timotheo 6:9-10.
- Macho na mwili: Ayubu 31:1, na Mithali 5:8, ambapo ushauri ni wa miguu kuliko wa moyo: usikaribie hata mlango.
- Rushwa: Kutoka 23:8, kwa yeyote mwenye mhuri, kalamu au rungu la ofisi.
- Kushindana na majirani: Luka 12:15-21, mfano wa tajiri aliyejenga maghala.
- Hofu ya kesho: Mathayo 6:31-33. Wengi hatuibi kwa uroho. Tunaiba kwa hofu ya karo.

Namna ya kuushika mstari: uandike kwa mkono wako, uusome asubuhi na jioni kwa wiki moja, kisha mweleze mtoto wako maana yake kwa maneno yako mwenyewe. Ukiweza kumweleza mtoto wa miaka minane, umeushika. Halafu uufunge na kitu unachokigusa saa ile ya jaribu: ufunguo wa pikipiki, lango la ploti, kioo cha simu.

4. Shamba: kati ya Esau na Nabothi

Hapa Kajiado hakuna jaribu lililokula familia nyingi kimyakimya kama ardhi. Ranchi za vikundi zilizoundwa baada ya sheria ya 1968 zilianza kugawanywa, na pande za Kitengela mgawanyo huo ulifika miaka ya 1980. Kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. EPZ ikaja Athi River miaka ya 1990, mji ukavimba, bei zikapanda. Mtu aliyelala akiwa mfugaji aliamka akiwa na mali ya mamilioni chini ya miguu ya ng'ombe wake. Ukame ukipiga, kama ule wa 2009 na ule mrefu ulioishia 2023, ng'ombe wakaanguka, na broka akafika na pesa taslimu.

Soma 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi, lililo kando ya jumba lake, alifanye bustani ya mboga. Anatoa bei nzuri: shamba bora zaidi, au fedha. Nabothi anakataa kwa sababu shamba ni urithi wa baba zake. Analiona kama kitu alichokabidhiwa ili akikabidhi. Biblia haifichi kwamba kukataa huko kulimgharimu uhai wake. Kusema hapana mara nyingine kuna gharama, na mtu akikuahidi vinginevyo anakudanganya.

Je, kuuza shamba ni dhambi? Hapana. Barnaba aliuza shamba na kuleta fedha kwa mitume (Matendo 4:36-37). Mzazi anayeuza ekari mbili kumsomesha binti yake chuoni, au kumtibu mke wake, amefanya hesabu na familia yake. Jaribu ni kuuza cha vizazi kwa cha msimu: gari litakalokuwa juu ya mawe baada ya miaka mitatu, duru za bia, harusi ya kushindana. Hilo ndilo bakuli la dengu.

Kabla hujatia sahihi, fanya hivi:

*Mwambie mwenzi wako kwanza, si mwisho.* Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka ridhaa ya mwenzi kabla mali ya ndoa haijauzwa, na shamba la kilimo lazima pia lipite kwenye bodi ya ardhi. Wauzaji wengi huziona hizi kuwa vizuizi, wakatafuta njia ya kuvizunguka. 1 Wakorintho 10:13 inaahidi kwamba pamoja na kila jaribu Mungu huweka mlango wa kutokea. Basi usishangae mlango huo ukiwa na umbo la mke wako anayekataa kutia sahihi.

*Lala siku arobaini.* Broka atasema, "Mzee, bei hii haitarudi." Anayekuharakisha ana haraka yake.

*Andika kila shilingi itakwenda wapi* kabla haijafika. Kama zaidi ya nusu itakuwa imeliwa baada ya mwaka mmoja, funga daftari.

*Tafuta njia ya kulipwa bila kuuza.* Kuanzia mwaka 2000, kulikuwa na mpango kwenye nyanda za Kitengela, kusini mwa mbuga ya Nairobi, ambapo wenye ardhi walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka wakikubali kutouza, kutoweka ua, na kuwaacha wanyama wapite. Malipo yalipangwa yafuate kufunguliwa kwa shule, karo inapodaiwa. Kiasi kilikuwa kidogo. Lakini hebu ona hekima ya ratiba ile: pesa zilifika saa ambayo tayari zilikuwa na kazi. Iwe ni kukodisha malisho, kukodishia mkulima au kuuza maziwa, iga ratiba hiyo.

Na wewe uliyekuja juzi kununua ploti ya robo ekari, usidhani sura hii haikuhusu. Katika hadithi ile kuna Ahabu pia. Ukiona bei ni ya chini mno, ukaambiwa mama wa boma "asisumbuliwe", ujue unanunua machozi ya mtu. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hati, kisha nenda bomani umsalimie mama huyo. Akikukwepa macho, rudi nyumbani na pesa zako.

5. Mkeka na mkopo wa simu

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilitupunguzia safari nyingi. Ilipunguza pia umbali kati ya tamaa na pesa. Zamani aliyetaka kucheza kamari alilazimika kwenda mahali na kuonekana. Leo anacheza kitandani, mkewe amelala ubavuni. Pesa zikiisha, kuna Fuliza tangu mwaka 2019, inayomalizia malipo na kumtoza ada siku baada ya siku.

Piga hesabu hii pamoja nami. Tuseme umepanga mkeka wa mechi kumi, na kila timu uliyoichagua ina nafasi sita kati ya kumi ya kushinda. Unaona ni uhakika. Nafasi ya zote kumi kushinda kwa pamoja ni kama sita kati ya elfu moja. Ukipanga mkeka huo kila Jumamosi, utachanika Jumamosi nyingi sana kabla haujalipa, na aliyeuweka sokoni aliipiga hesabu hiyo kabla yako. Mithali 13:11 inasema mali ya haraka hupungua, naye akusanyaye kidogo kidogo huongeza.

Hatua za kufanya leo, simu ikiwa mkononi: futa programu za kubeti, kisha omba kampuni ifunge akaunti yako kabisa. Jiondoe kwenye Fuliza ukishalipa deni lake. Hamisha akiba mahali pagumu kufikia: Sacco, chama, au akiba inayofungwa kwa miezi kadhaa. Mathayo 5:29-30 inazungumzia kukata mkono unaokukosesha. Si kuujeruhi mwili. Ni kuondoa njia. Kwa wengi wetu mkono huo una kioo na betri.

6. Mwili: Yusufu hakubaki kujieleza

Mwanzo 39 inaeleza kwamba mke wa Potifa alimsumbua Yusufu siku baada ya siku, naye akakataa kila mara kwa maneno. Siku ambayo nyumba ilikuwa tupu, maneno hayakutosha tena. Aliacha vazi mkononi mwake akakimbia nje. Kuna majaribu ambayo Biblia inataka uyapinge, na kuna haya ambayo inataka uyakimbie (1 Wakorintho 6:18). Ukijua unapaswa kukimbia, usibaki kuombea pale ulipo. Omba ukiwa njiani.

Kwa lugha ya hapa: usimpe lifti peke yake mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari lako. Simu ilale sebuleni. Mpango wa kando huanza na mazungumzo ambayo ungeyaficha, basi mazungumzo ya kwanza unayoyafuta ndiyo kengele. Na kwa dada anayeahidiwa kodi ya nyumba na sponsa mwenye umri wa baba yake, swali letu la bei linamhusu: atakapoondoka, ataondoka na nini chako?

Lakini tutenganishe mambo mawili. Kama msimamizi kazini anakuambia hutapata kazi au kandarasi bila kulala naye, hilo si udhaifu wako wa kuombewa. Ni kosa lake, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 pamoja na Sheria ya Ajira ya 2007 zinalitambua. Weka ujumbe wake, andika tarehe, mwambie mtu unayemwamini, ripoti. Yusufu alisingiziwa akafungwa, na Mungu hakumlaumu. Kanisa linalomwambia msichana wa namna hiyo avae vizuri zaidi limemsaidia mke wa Potifa.

7. Jaribu likija na Biblia mkononi

Rudi Mathayo 4. Katika jaribu la pili, anayenukuu Maandiko ni Ibilisi, na ananukuu Zaburi ya 91. Alilitoa neno mahali pake na kulitumia kumsukuma mtu ajirushe.

Kwa hiyo usitishwe na mtu kwa sababu tu anataja sura na mstari. Ukiambiwa upande mbegu ya pesa za kodi ili Mungu akulipe mara mia ndani ya siku saba, hiyo ni kamari iliyovaa suti, na mkeka wake una mechi moja. Ukiambiwa uache dawa, ukatae hospitali, au ufunge bila mwisho, kumbuka Shakahola, Kilifi, ambako kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Yesu alifunga, kisha akala.

Pima kila fundisho kwa njia tatu: soma sura nzima, si mstari mmoja, uliza pesa zinaishia wapi, na angalia kama mwalimu anakubali kuulizwa. Waberoya walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko hata baada ya kumsikia Paulo (Matendo 17:11).

8. Usipigane peke yako

Mwamko wa Afrika Mashariki, uliochipuka Rwanda na Uganda na kuingia Kenya miaka ya 1930, ulituachia desturi moja ya thamani. Ndugu wa mwamko walikutana kila wiki, wakaitaja dhambi kwa jina lake: si "nimepungukiwa", bali "niliiba sukari ya mwajiri", na wengi wao wakaenda kurudisha. Waliiita kutembea nuruni. Msingi wake ni 1 Yohana 1:7 na Yakobo 5:16.

Huhitaji kusimama mbele ya kanisa zima. Huko kuna hatari ya kuchafua majina ya wengine. Tafuta mtu mmoja au wawili, wa jinsia yako, wanaoweza kukaa na siri, wanaokuheshimu bila kukuogopa. Muonane mara moja kwa juma, chai mezani, mkiulizana maswali matatu: Ulianguka wapi? Pesa zilikwenda wapi? Unaogopa nini juma hili? Na saa ya jaribu ikifika, mpigie mmoja wao *kabla*. "Kaka, niko steji, nataka kuingia pale, ongea nami hadi nifike nyumbani." Mazungumzo ya dakika kumi mara nyingi yanatosha, kwa sababu wimbi la tamaa huwa halikai.

Ikiwa pombe, bangi au kamari imefika mahali ambapo mwili unatetemeka au umejaribu kuacha mara nyingi ukashindwa, ongeza daktari kwenye orodha ya ndugu zako. NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana nambari ya bure, 1192. Luka mwenyewe alikuwa tabibu, na Paulo hakumfukuza kwenye msafara.

9. Ukianguka

Kuna siku utaanguka. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba, akainuka tena. Basi panga kuinuka mapema kama ulivyopanga kukataa. Siku hiyo hiyo mwambie ndugu yako. Rudisha kinachoweza kurudishwa. Mwombe msamaha uliyemkosea bila kueleza sababu. Kisha fungua daftari uandike ile saa, kwa kuwa sasa unajua ufa mwingine ulipo. Usijiambie kwamba kwa kuwa umekunywa moja basi wiki yote imekwisha. Huo ni mtego wa pili, na mara nyingi ni mkubwa kuliko wa kwanza.

Kwa kuanza, juma lako la kwanza liwe hivi. Jumatatu hadi Alhamisi andika daftari na ushike mstari mmoja. Alhamisi usiku keti na mwenzi wako, au na ndugu yako ukiwa mseja, mpange pesa za Ijumaa shilingi kwa shilingi. Ijumaa zitume kabla hujatoka kazini, kula saa kumi, shukia steji nyingine. Jumamosi mwite yule rafiki wa mtungi kwa chai, kwa sababu ulimwahidi, naye huenda anakuhitaji kuliko unavyodhani. Jumapili nenda kanisani na daftari.

Na ukisikia harufu ya makaa jioni ile, kumbuka mioto miwili katika Injili ya Yohana. Penye moto wa makaa wa kwanza (18:18) Petro alikuwa akiota joto alipomkana Bwana wake. Penye moto wa pili, kando ya ziwa (21:9), Yesu aliyefufuka alikuwa na samaki juu ya makaa, na mkate, akawaita wanafunzi waje kula, huyo huyo Petro akiwa kati yao. Yakobo alipompa nduguye bakuli, alidai kwanza. Asubuhi ile ziwani hakuna aliyeulizwa atalipa nini. Chakula kilikuwa tayari.

Kwa hiyo Ijumaa ikifika na tumbo likaanza kupiga hesabu, pita pale penye spika. Nyumbani kuna chai, na watoto bado hawajalala.